Mlipe Kwanza Anayekumaliza, Si Anayekupigia Kelele

(Hotuba kwa wanachama wa sacco, yaani chama cha akiba na mikopo, na wazazi wa mtaa wa Kaptembwo, Nakuru, mwezi wa Novemba)

Mwenyekiti wetu, wanakamati wenzangu, wazee wetu mlioketi mbele, akina mama, akina baba, na ninyi vijana mliosimama kule nyuma kwa kuwa viti vimekwisha: hamjambo? Asanteni kwa kuja. Najua Jumamosi ni siku ya kazi kwa wengi wenu, na kuna mama hapa aliyeacha kibanda chake kwa mtoto ili aje kusikiliza. Sitaki aondoke mikono mitupu.

Kwa miaka mingi nimeketi kwenye kamati ya mikopo nikisoma fomu za watu kama sisi, watu wa mishahara midogo, wa bodaboda, wa mitumba na mboga. Katika fomu hizo kuna jambo moja linalojirudia hadi linaniuma. Katika nyumba nyingi zenye madeni, anayeamua pesa ziende wapi si baba wala mama. Anayeamua ni yule anayepiga simu mara nyingi zaidi. Mshahara ukiingia, aliyetukana jana ndiye anayelipwa leo. Aliyenyamaza anangoja. Na mara nyingi aliyenyamaza ni mwenye deni linalokula riba kubwa kuliko yote, anakaa kimya kwa sababu kila mwezi unaopita unamfaidi. Au aliyenyamaza ni sufuria ya watoto. Watoto hawapigi simu kudai.

Kwa hiyo ombi langu leo ni moja. Mpangilio wa kulipa madeni upangwe nyumbani, mezani, kabla pesa hazijaingia. Mkishaupanga, kelele za mtu yeyote zisiubadilishe.

Kuupanga kunaanza na kuandika, na hapo ndipo pagumu. Si kwa sababu watu hawajui kuandika. Ni kwa sababu deni lina aibu, na aibu hujificha hata kitandani. Si mara moja nimesoma fomu ya mume aliyejaza kwamba hana deni lingine lolote, kisha baada ya muda mfupi mke akaja na fomu yake, anaomba mkopo wa kumtoa mume huyo kwa shailoki, yule mkopeshaji wa mtaani wa riba kubwa. Na akina mama, msicheke, nanyi mmo. Kuna mikopo ya chama, kile kikundi chenu cha kuchanga na kukopeshana, iliyochukuliwa kwa jina la biashara ikaishia kwenye seti ya sufuria na mchango wa arusi ya rafiki, na mzee nyumbani hana habari. Waliotutangulia walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Deni lisiloandikwa halipotei hata kidogo, linakua gizani.

Basi chukueni karatasi moja. Moja kwa nyumba nzima, baba asiwe na yake na mama na yake. Andikeni kila deni: la nani, kiasi gani kimebaki, riba au ada ni kiasi gani kwa mwezi, na litakufanya nini usipolilipa. Hiyo safu ya mwisho watu huisahau, nami naiona kuwa muhimu kuliko zote. Kuna deni litakalokufungia mlango. Kuna deni litakalomrudisha mtoto kutoka shuleni. Kuna deni litakalomfanya mdhamini wako, jirani aliyekuamini, akatwe mshahara wake. Na kuna deni ambalo usipolilipa mwezi huu halitafanya lolote zaidi ya kukupigia simu.

Kama hamkumbuki pesa zilikwenda wapi, simu inakumbuka. Bonyezeni *334#, mtaona mahali pa kuomba taarifa ya M-Pesa ya miezi iliyopita. Isomeni pamoja. Mtakuta mambo. Mtakuta nauli zisizo na safari, mtakuta makato ya kutuma na kutoa ambayo kila moja ni dogo, na katika nyumba nyingine mtakuta namba za kampuni za kubeti, shilingi 50, 50, 100, 20, usiku baada ya usiku. Ikiwa ndivyo, baba, au kijana, nakuomba kwa heshima: hilo liandikwe kwenye karatasi kama matumizi mengine yoyote, kwa jumla yake ya mwezi. Sitakuhubiria. Nataka tu uiangalie jumla hiyo ikiwa kando ya pesa ya chakula, mkeo akiwa ameketi hapo. Wengi niliowaona wakiacha, walianzia hapo.

Sasa tuchukue familia ya mfano. Nimeitunga, lakini tarakimu zake zinafanana na zile ninazoziona.

Baba anafanya kazi kiwandani. Baada ya SHA ya bima ya afya, NSSF ya pensheni, ushuru wa nyumba, kodi ya mapato na mkopo wa sacco unaokatwa moja kwa moja kwenye mshahara, anabeba nyumbani shilingi 24,000. Mama anauza mboga karibu na steji. Akishatenga pesa ya kununua mzigo wa kesho, anabaki na faida kama 300 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, yaani 7,800. Jumla ni 31,800. Kodi ya nyumba 6,500. Chakula 350 kwa siku kwa watu watano, 10,500. Makaa na gesi 1,500. Stima na maji 1,300. Nauli ya baba 2,600. Karo ya kuwekwa kando kila mwezi, 2,500. Kanisani na michango ya majirani 800, kredi ya simu 500. Jumlisheni: 26,200. Wakijibana kweli, zinabaki 5,600 za kulipia madeni.

Madeni yenyewe, mbali na ule wa sacco, ni sita. Shailoki anawadai 10,000 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi. Mkopo wa simu 4,000, ada asilimia 7.5 kwa kila siku 30. Chama cha mama 8,000, asilimia 5 kwa mwezi. Mwenye nyumba anadai kodi ya mwezi mmoja uliopita, 6,500. Duka la mtaani 3,600. Na kaka yake baba kule Bungoma aliwakopesha 5,000 mtoto alipougua.

Nyumba nyingi hufanya nini? Hugawa. Kila mmoja apewe kidogo ili wote wanyamaze. 5,600 kwa watu sita ni kama 933 kila mmoja. Inaonekana ni haki. Lakini riba ya shailoki peke yake ni 2,000 kwa mwezi. Ukimpa 933, mwisho wa mwezi wa kwanza unadaiwa 11,067. Fuateni hesabu hiyo hadi mwezi wa nne: mtakuwa mmeshamlipa zaidi ya 3,700, na deni limefika kama 15,700. Mmelipa kila mwezi, mmekula ugali kwa chumvi, na mnadaiwa zaidi ya mlivyoanza. Hapa ndipo watu wanaposema wamerogwa. Hawakurogwa, ni hesabu tu.

Sasa wafanye hivi. Mkopo wa simu upate 300 za ada ili usikue. Chama kipate 400 za riba kwa sababu hiyo hiyo. Mwenye nyumba 500, duka 500, kwa makubaliano yaliyosemwa uso kwa uso. Kaka aambiwe ukweli na aombwe muda hadi Agosti. Zile 3,900 zinazobaki zote ziende kwa shailoki. Mwezi wa kwanza: 10,000 jumlisha 2,000 toa 3,900, yanabaki 8,100. Wa pili, 5,820. Wa tatu, 3,084. Mwezi wa nne deni linakuwa 3,701 pamoja na riba, wanalipa, na chenji ya karibu 200 inabaki. Shailoki ametoka nyumbani.

Mwezi wa tano zile 3,900 zinahamia kwenye simu, na pamoja na ile 300 na chenji ya mwezi wa nne, mkopo wa simu unakwisha. Wa sita na wa saba, chama. Wa nane wanamaliza duka na malimbikizo ya kodi. Wa tisa wanamaliza deni la kaka. Wakianza Desemba hii, wanamaliza Agosti. Pesa ni zile zile 5,600. Kilichobadilika ni nani anatangulia.

Naona mzee pale anatikisa kichwa. Najua unachotaka kusema: maisha hayafuati karatasi. Ni kweli. Kati ya Desemba na Agosti mtoto atalazwa, au mvua itaharibu biashara ya mama kwa wiki mbili, au kiwanda kitawapa watu likizo bila malipo. Mwezi huo mtalipa riba tu, au hata hiyo msiiweze. Tarehe zisogee mbele, mpangilio ubaki ule ule. Agosti ikiwa Novemba, bado mmemaliza.

Na kabla hata ya kuanza mpango huo mrefu, swali la kwanza: je, deni ghali linaweza kulipwa kwa deni rahisi? Mikopo mingi ya sacco hutozwa asilimia 1 kwa mwezi kwenye salio linalopungua. Shilingi 10,000 kwa asilimia 1 ni shilingi 100 mwezi wa kwanza. Kwa shailoki ni 2,000. Kama una akiba ya kutosha na wadhamini, njoo uombe mkopo wa dharura, mlipe shailoki siku hiyo hiyo mbele ya shahidi, uchukue karatasi yako. Tutakukatalia katika hali mbili tu. Moja ni kama mshahara wako umekwisha nafasi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inasema makato yote yasizidi theluthi mbili za mshahara, na tukikupitisha hapo tunakuumiza huku tukivunja sheria. Ya pili ni kama tunaona wazi utarudi kwa shailoki mwezi ujao. Hilo ndilo linalotokea mara nyingi, na mwisho wake mtu anakuwa na madeni mawili mahali pa moja. Fomu haiwezi kulizuia. Mke na mume wakijua yote, wanaweza.

Nizungumzie simu, kwa sababu wengi mliojibu maswali kule mlangoni mmeandika mikopo ya simu. M-Shwari, mkopo unaopitia M-Pesa, ilipoanza Novemba 2012, ada yake ilikuwa asilimia 7.5 kwa siku 30. Mtu anaona 7.5 anasema ni kidogo. Ukikopa hivyo kila mwezi kwa mwaka mzima ni asilimia 90. Hustler Fund, mfuko wa mikopo wa serikali uliozinduliwa tarehe 30 Novemba 2022, riba yake ni asilimia 8 kwa mwaka, hiyo ni nafuu kubwa, ila mkopo wa mtu binafsi unatakiwa kurudi ndani ya siku 14, na katika nyumba inayolipwa mara moja kwa mwezi siku 14 huisha mshahara haujaonekana. Mkopo wa simu si dhambi. Kwa mama anayenunua nyanya alfajiri pale soko la Wakulima na kuzimaliza jioni, mkopo wa siku moja unaweza kuwa na maana. Kwa kununulia unga hauna maana kamwe, kwa sababu unga hauzai pesa ya kurudisha ada.

Na hapa nina neno kwa wafanyabiashara wadogo, nalo nataka mlisikie vizuri. Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa wa kulipia salio lisipotosha, tangu ilipokuja mwaka 2019, inafanya kazi hivi: pesa yoyote ikiingia kwenye M-Pesa yako, deni linajilipa kwanza. Sasa mama ameuza mboga, wateja wamelipa kwa simu, na ile pesa iliyoingia haikuwa faida yake. Ndani yake kuna pesa ya kununua mzigo wa kesho. Fuliza haijui tofauti. Asubuhi mama anaamka hana mtaji, anafuliza tena ili anunue mzigo, ambao sasa ni mdogo kuliko wa jana. Baada ya miezi michache kibanda kimekonda, na watu wanasema biashara imekuwa mbaya. Biashara ilikuwa nzuri, ila mtaji umeliwa na deni la nyumbani. Kwa hiyo wakati wote mnaolipa madeni, pesa ya mzigo ikae mbali na laini yenye Fuliza. Ikae taslimu, kwenye kitambaa, kwenye mkebe, kwa mama mkwe, popote pasipo na mkono wa deni. Mtaji si pesa ya nyumba. Ukiula mtaji, mwezi ujao zile 7,800 kwenye karatasi hazipo, na mpango wote umeanguka.

Kuhusu vitisho. Wako watu hapa ambao hawalali. Bosi wako amepigiwa simu, shemeji yako amepigiwa simu, umeitwa mwizi. Jueni haki zenu. Kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 kuhusu wakopeshaji wa kidijitali zinawakataza kutisha, kutukana, na kuwapigia watu walio kwenye simu yako bila idhini. Wakopeshaji hao wanatakiwa wawe na leseni ya Benki Kuu. Hifadhi ujumbe, piga picha ya skrini, andika malalamiko. Deni bado utalilipa, sisemi usilipe. Lakini utalilipa kwa zamu yake.

CRB, yaani mashirika yanayoweka kumbukumbu za jinsi watu wanavyolipa mikopo, nayo imekuwa jina la kuogofya watoto. Mashirika hayo yako matatu hapa Kenya, Metropol, TransUnion na Creditinfo, na kila mtu ana haki ya kupata ripoti yake mara moja kwa mwaka bila malipo. Itisheni. Wengine mtajikuta mmeandikwa madeni mliyokwisha kulipa zamani, na hayo yanaweza kusahihishwa. Kuingia CRB si jela. Kunafunga milango ya mikopo mingine, na kwa familia inayojaribu kutoka kwenye madeni, mlango huo kufungwa kwa muda kunaweza hata kusaidia. Ila kijana anayetafuta kazi, ambaye mwajiri anaweza kumwitisha cheti cha CRB, yeye abadilishe mpangilio, amalize ule mkopo mdogo wa simu kwanza. Kila nyumba ina sababu zake. Ninachokataa ni nyumba isiyo na sababu yoyote.

Shailoki hana haki ya kuja na vijana wawili kubeba televisheni yako. Mali huuzwa kwa amri ya mahakama kupitia dalali mwenye leseni, na hata hapo Sheria ya Mwenendo wa Madai inalinda nguo za lazima, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko ya familia, na vifaa vya fundi vya kazi yake. Na tafadhali, usimwachie mtu kitambulisho chako, wala kadi ya benki pamoja na namba ya siri. Nimeona watu wazima, watu wa heshima, wanakwenda kuombea mshahara wao wenyewe kwa mtu anayeshika kadi yao. Kama ndivyo ulivyo sasa, nenda benki Jumatatu, badilisha kadi, kisha mkae na huyo mtu kama watu wawili wanaodaiana.

Walio na mikopo ya benki iliyolala, jambo fupi. Sheria ya Benki, kifungu cha 44A, inaizuia benki kudai riba inayozidi kiasi kilichokuwa hakijalipwa wakati mkopo ulipoharibika. Ulikuwa 50,000 ulipoacha kulipika, riba inayofuata haiwezi kuvuka 50,000, ingawa gharama za kulifuatilia deni zinaweza kuongezwa. Kama barua uliyoletewa inasema vingine, usiitupe kwenye droo. Iletwe tuisome.

Sasa chakula. Sitawaambia mle kidogo zaidi, mnakula kidogo tayari. Nasema mnunue tofauti. Kadogo inatumaliza: mafuta ya ishirini, sukari ya kumi, unga wa pakiti ndogo kila jioni. Mwenye pesa kidogo ndiye anayelipa bei kubwa kwa kila kilo, na hana njia kwa sababu hajawahi kuwa na pesa ya wiki nzima kwa pamoja. Njia ipo mkiungana. Huu ni msimu wa mavuno, mahindi yanatoka Trans Nzoia, Uasin Gishu na hapa kwetu Njoro na Molo, na bei ya sasa si ile mtakayoikuta Mei au Juni. Familia tatu zikinunua gunia moja la kilo 90, kila moja ina kilo 30 za kupeleka poshomili kidogo kidogo. Hakikisheni yamekauka kabisa kabla ya kuyaweka, mahindi yenye unyevu yanaota kuvu na kuvu hiyo ina sumu. Wanaotoka Kisumu na Busia wanajua hivyo hivyo kuhusu omena, kununua kwa debe na kugawana na jirani ni tofauti kabisa na kupimiwa kwa kikombe. Ndiyo, wiki ya kwanza ni ngumu kwa sababu unatoa pesa ya mwezi kwa siku moja. Chama kinaweza kuanzia hapo badala ya kuzungusha pesa taslimu peke yake. Mzunguko mmoja, badala ya 2,000 mkononi, mama anapewa mahindi, maharagwe na mafuta.

Jambo linalonisumbua moyo kuliko yote ni matanga. Wengi wetu hapa Nakuru tuna nyumbani kwingine, Kakamega, Vihiga, Bungoma, Siaya, Kisii. Mtu wetu akifariki tunakwenda, na lazima twende. Mtu asizikwe kama hana watu. Lakini nimeona fomu za mikopo za kukodi basi, jenereta, mahema mawili, ng'ombe wa kulisha watu ambao hawakuleta hata kilo ya mchele kwa marehemu alipokuwa mgonjwa. Mjane anazika Jumamosi, Jumatatu anaanza kulipa, na watoto hawarudi shule Januari. Naomba tuseme waziwazi, na hasa ninyi wazee, kwa sababu vijana wakisema wataambiwa wamepotoka: kamati ya mazishi iulize kwanza marehemu ameacha madeni gani na watoto wangapi shuleni, kabla ya kuuliza bei ya jeneza. Mchango ukizidi, uende kwa watoto. Na kila nyumba iwe na kiasi chake cha michango kwa mwezi, kwenye mfano wetu kimo ndani ya zile 800. Kikiisha, unakwenda matangani kuchota maji na kupika. Huko nako ni kuchangia, na mama zetu walijua hivyo kabla ya kuwepo kwa paybili, namba za kuchangia kwa simu.

Ugonjwa pia. Nusu ya madeni ya ndugu niliyoyasoma yalianzia hospitalini. SHA ilianza tarehe 1 Oktoba 2024. Aliyeajiriwa anakatwa asilimia 2.75, hana la kufanya. Lakini ninyi wa sokoni na wa boda, wengi mmejisajili na hamjalipa. Kiwango cha chini kwa asiye na mshahara ni shilingi 300 kwa mwezi. Una upungufu wake mfuko huo, nimesikia malalamiko yenu na mengine ni ya haki kabisa. Bado nasema mchango huo uwekwe kwenye karatasi na umtangulie shailoki, kwa sababu kulazwa usiku mmoja kunaweza kufuta miezi minne ya kulipa.

Januari inakuja na karo. Msisubiri mtoto atumwe nyumbani. Nendeni shuleni mapema, mwoneni mwalimu mkuu au mhasibu mkiwa na karatasi yenu, mseme tutalipa kiasi hiki kila mwezi, tarehe hii. Walimu wakuu wengi niliowafahamu humpa nafasi mzazi aliyekuja mwenyewe, na wengine huko mashambani hupokea mahindi na maharagwe kama sehemu ya karo. Fomu za basari za NG-CDF, mfuko wa maendeleo ya eneo bunge, na za kaunti zina tarehe za mwisho, ulizeni kwa chifu na ofisi ya wadi sasa hivi. Na kwa mtoto anayeingia sekondari, fikirini shule ya kutwa bila kuona haya. Serikali imepanga shilingi 22,244 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa kutwa, na wapo waliotoka hapo wakafika chuo kikuu. Kumpeleka mtoto bweni kwa pesa ya shailoki ni kumlipia kitanda kwa chakula cha wadogo zake.

Mama mmoja aliniuliza hapo nje: je, nikimwonyesha mume wangu karatasi yote, akanipiga? Sitaki kulipita swali hilo. Kama nyumbani kwako kuna hatari hiyo, usianze na karatasi, anza na usalama wako. Njoo kwangu au kwa mama mlezi wa wanachama, tutakaa nawe peke yako, na kuna namba 1195 ya kupiga bila malipo kwa anayedhulumiwa nyumbani. Na ninyi akina baba mliosikia swali hilo, jueni limeulizwa hapa, na mtu wa hapa.

Kwa waliobaki, leo hatuondoki na maneno matupu. Meza mbili ziko upande wa kushoto, karibu na dirisha. Karatasi zimeshachorwa safu zile nne nilizozitaja. Mliokuja mke na mume kaeni pamoja, aliyekuja peke yake aandike anayoyajua na ampelekee mwenzake akamilishe. Wenye shailoki waje kwangu kwanza, na kitambulisho na hati ya mshahara, tuone leo hii ni wangapi tunaoweza kuwapa mkopo wa dharura kabla ya Desemba kuanza. Wenye barua za benki wakae na mhasibu wetu. Ukumbi ni wetu hadi saa kumi na moja, na kalamu ziko kwa huyo kijana aliye mlangoni.